Ndovu Akiwa Chini, Kwanza Apumue

Waya wa mtego ukishamnasa ndovu mguuni, haulegei tena. Kila hatua huukaza, nyama ikavimba juu yake, mpaka kwa mbali huoni waya bali mguu uliofura na mnyama wa tani tano anayechechemea. Huko Tsavo, Kenya, anayemwendea ni daktari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) akiwa na kikosi tamba cha tiba kinachogharimiwa na Wakfu wa Sheldrick. Kikosi cha kwanza cha aina hiyo kilianza mwaka 2003.

Dawa ya usingizi anayomdunga ni etofini, kali mara maelfu kuliko mofini. Kiasi kidogo tu kikimwingia mtu kinaweza kumuua, kwa hiyo hakuna anayejaza sindano bila dawa ya kuizima kuwa karibu. Mara nyingi sindano hufyatuliwa kutoka kwenye helikopta, kisha rubani humswaga ndovu mbali na maji na vichaka kabla miguu haijaisha nguvu.

Hatari kubwa inaanza anapoanguka.

Mapafu ya ndovu yameshikana na ukuta wa kifua, wala hayana uwazi unaoyazunguka kama ya wanyama wengine. Hupumua kwa nguvu ya misuli ya kifua na kiwambo. Akilalia kifua, uzito wake mwenyewe unamkaba. Ndiyo maana jeraha husubiri: kwanza kamba hufungwa kwenye gari, ndovu avutwe hadi alale ubavu. Kijiti huwekwa kwenye ncha ya mkonga ili matundu yasizibe, sikio hufunikwa juu ya jicho lililobaki wazi, na masikio humwagiwa maji, maana joto la mwili hutoka kupitia hapo. Watu husifu shabaha ya mpigaji, lakini anayeokoa maisha hasa ni yule aliyechuchumaa penye mkonga akihesabu pumzi.

Sasa ndipo waya hukatwa kwa koleo. Usaha hukamuliwa, nyama iliyokufa huondolewa, kidonda huoshwa na kupakwa aidini, kisha hushindiliwa udongo wa kijani, kwani bendeji haitadumu porini. Baada ya antibiotiki, dawa ya kumwamsha hudungwa kwenye mshipa wa sikio, na watu wanakimbilia magari. Dakika chache tu, ndovu amesimama.

Hana wodi ya kulazwa. Askari humfuatilia, na akizidi kuchechemea hudungwa tena usingizi, na hatari ya kuanguka vibaya inarudi upya.