Waliuliza, Wakajibiwa

Kitabu cha Kate Moore, The Radium Girls, nilikisoma kwa simu, mara nyingi nikiwa kwa matatu, na kuna mahali nilikifunga nikakaa siku mbili kabla ya kukifungua tena. Si pale taya la msichana linapomegukia mkononi mwa daktari wa meno. Hapo nilivumilia. Nilikifunga pale Sabin von Sochocky, mtu aliyebuni ile rangi, anapopita chumba cha kazi, anamwona Grace Fryer ameweka brashi mdomoni, anamwambia aache, atakuja kuugua. Grace anamwendea msimamizi wake kuuliza. Msimamizi anamwambia hakuna shida. Grace anarudi kitini na brashi inarudi mdomoni.

Nilimjua huyo msimamizi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Nikapata kibarua katika kliniki moja ya eksirei, jina nitaliacha. Kazi yangu ilikuwa kupanga faili, kupiga deki, na mtoto akirukaruka mezani, kumshika atulie picha ipigwe. Kulikuwa na aproni moja nzito ya madini ya risasi, imetundikwa nyuma ya mlango, na kibeji cha kupima miale alikuwa nacho mpiga picha peke yake. Siku moja nikauliza, na mimi je? Bosi akacheka. "Kijana, wewe unashika tu. Hiyo ni kidogo sana, jua la Turkana ni kali kuliko hiyo." Na siku ya kwanza nilikuwa nimetia sahihi karatasi inayosema naelewa hatari za kazi hii. Hatari zenyewe hazikutajwa.

Sijaugua. Labda bosi alisema kweli. Lakini hakuna aliyepima, kwa hivyo hata yeye alikuwa hajui. Alichonipa ni utulivu wake, na mimi nikauchukua kama jibu.

Kwa asiyejua kisa: kuanzia 1917, kule Orange, New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka nyuso za saa rangi yenye radiamu, ili saa isomeke gizani. Ili brashi ichongoke, walifundishwa kuilainisha kwa midomo. Baadaye kampuni nyingine ikafungua karakana Ottawa, Illinois, na mafunzo yakawa yale yale. Kazi ililipa vizuri kuliko vibarua vingi vya wasichana wa wakati huo. Usiku walirudi nyumbani nywele na nguo ziking'aa, wakaona ni urembo. Radiamu ikimezwa, mwili huichukulia kama kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa, na nguvu yake hupungua kwa nusu tu baada ya miaka 1,600. Mollie Maggia alikufa 1922, cheti kikasema kaswende. Alipofukuliwa 1927, mifupa yake ilikutwa na radiamu.

Ubora wa Moore ni kwamba amekataa kuandika historia ya wanasayansi. Amewafuata wasichana wenyewe, mmoja mmoja, kwa majina, dada zao, wachumba wao, bili zao za daktari. Ukifika kesini unawajua. Na anaonyesha vizuri kwamba ujuzi ulikuwepo ndani ya jengo lile lile: wanakemia wa maabara walikuwa na ngao za risasi na koleo za kushikia radiamu, huku ng'ambo ya ukuta wasichana wakiilamba. Mtaalamu aliyeitwa kuchunguza kiwanda, Cecil Drinker, aliandika 1924 kwamba rangi inadhuru. Kampuni ikaipelekea idara ya kazi ya New Jersey ripoti iliyogeuzwa. Ukisoma hapo unaacha kusema "enzi hizo watu hawakujua." Watu gani?

Sasa ugomvi wangu na kitabu. Moore anapenda sukari. Karibu kila sura inaisha kama tamthilia ya TV ya jioni, na kila msichana ni mrembo, mchangamfu, mwenye ndoto. Mwanzoni nilidhani ni mtindo tu. Baadaye ikaanza kunisumbua, kwa sababu inatufunza kuwahurumia kwa vile walikuwa safi, hawakujua lolote. Je, aliyejua nusu? Aliyesikia tetesi akaendelea kwa sababu kodi ya nyumba haingoji?

Ottawa ndipo swali hili lilipo. Mwaka 1928, Grace na wenzake wanne walipatana na kampuni nje ya mahakama: dola 10,000 kila mmoja, dola 600 kwa mwaka, na matibabu. Magazeti yaliandika. Wanawake wa Ottawa wakasoma, wakaogopa, wakauliza. Mwajiri akawatuliza kwa tangazo gazetini kwamba kwake kuko salama. Alikuwa tayari amewapima wafanyakazi wake, na majibu hakuwapa. Wakarudi kazini.

Moore anayaeleza haya yote, lakini anakimbilia mahakamani, ambako Catherine Donohue, akiwa ngozi na mfupa, anamalizia ushahidi wake nyumbani, mwaka 1938, miezi michache kabla ya kufa. Ni sehemu yenye nguvu, nakubali. Lakini mimi nilitaka tubaki kidogo kwenye ile asubuhi ya kurudi kazini. Kuridhia kwa mfanyakazi hutokea hapo, si kwenye karatasi. Mtu ana hofu, ana jibu la bosi, ana watoto. Anachagua jibu la bosi kwa sababu ndilo pekee linaloambatana na mshahara. Kisha miaka ikipita, wakili wa kampuni anasema: si alijua hatari? Si alirudi mwenyewe?

Na ukiugua, muda nao unakugeuka. Sheria ya New Jersey ilitoa miaka miwili ya kushtaki, na radiamu haina haraka hivyo. Wakili wao, Raymond Berry, alilazimika kupigana na kalenda kabla hajapigana na kampuni.

Kisome. Ruka sukari, shika ripoti na tarehe. Kitakuachia swali moja la kuuliza kila ukipewa karatasi ya kutia sahihi: nani ameshapima, na majibu yako wapi?

Juzi nilimtumia kijana aliyechukua nafasi yangu kliniki picha ya ukurasa ule wa Grace na brashi. Nikamwambia aombe kibeji, hata kama watamcheka. Akanyamaza siku nzima, kisha akajibu: "Kwani wewe uliacha juu ya hiyo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba niliacha kwa sababu walikosa kunilipa miezi miwili. Wangelipa, hadi leo ningekuwa nashika watoto.