Video za kubadilisha koili: zinafundisha mkono, zinasahau kipimo

Umeshaziona hizo video: gari inamisi, jamaa anashika spana namba 10, anafungua bolti moja, anachomoa koili, anaweka mpya, injini inatulia. Kwa kazi ya mikono, nyingi zinaeleza vizuri kabisa.

Shida iko mwanzoni. Mashine ya kupima ikitoa kodi P0302, mwalimu anasema koili ya silinda ya 2 imekufa. Hapana! Kodi hiyo inasema tu silinda ya 2 haichomi sawasawa. Huenda ni plagi, huenda ni nozeli. Ukinunua koili kwa kubahatisha, hela imeenda na gari bado inamisi.

Fanya hivi: zima injini, badilishana koili ya 1 na ya 2, kingine usiguse. Futa kodi, washa. Ikija P0301, tatizo limehama na koili. Hiyo ndiyo mbovu. Ikirudi P0302, tafuta kwingine. Hata maabara tunafanya hivyohivyo: kitu kimoja kwa wakati.

Na wale wanaochomoa koili injini ikiwa imewashwa, usiwaige. Betri ni volti 12 tu, lakini koili huzipandisha kupita 20,000.