Kalamu Imo Ndani ya Boksi!

Nianze na habari kubwa kuliko zote: kalamu imo ndani ya boksi! Huinunui kando, huiagizi, wala huambiwi na mwenye duka urudi wiki ijayo. Unafungua Galaxy Tab S10 FE, unainua kishikwambi chenyewe, na S Pen hiyo hapo, tayari kuandika. Haina betri, kwa hivyo hutaichaji leo wala kesho. Unaishika, unagusa kioo, wino unatiririka. Nimeshika vishikwambi vingi dukani na nyumbani kwa watu, na vingi huishia kuwa vya watoto kutazamia katuni. Hiki ni cha kufanyia kazi, na nimekijua hivyo kabla hata sijamaliza kukibandua ile karatasi ya plastiki.

Samsung ilivitoa Aprili 2025, viwili kwa mpigo: S10 FE ya inchi 10.9 na kaka yake S10 FE+ ya inchi 13.1. Nilicho nacho mkononi ni kile kidogo, na sina nia ya kukibadilisha. Kina unene wa milimita 6 tu na uzito wa gramu 497. Gramu hizo za karibu nusu kilo ukizisoma kwenye karatasi zinaonekana nyingi, lakini ukikipakata kwenye mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia, unaweza kusimama kwenye foleni nzima ya benki bila kubadilisha mkono. Mgongo ni wa chuma, kingo zimechongwa bapa, na kitufe cha kuwashia ndicho pia kinachosoma kidole. Kidole kinapita, kioo kinafunguka. Basi!

Sasa kuandika kwenyewe. Kazi yangu ni maandishi: makala ya wengine huja kwangu, nayahariri, nayarudisha yakiwa yamejaa mistari. Kwa miaka nimekuwa nikiyachapisha kwenye karatasi kwa sababu jicho langu hulikamata kosa likiwa mbele ya kalamu, si mbele ya kibodi. Hapa nimefungua faili ya PDF kwenye Samsung Notes, nikakata neno, nikachora mshale wa kuhamisha aya, nikaandika pembeni "hapa pana mruko wa wazo", na mwandiko ni wangu, na ile "k" yangu yenye mkia mrefu. Ukikandamiza, mstari unanenepa. Ukiinamisha mkono na kiganja kikagusa kioo, hakichori takataka. Skrini hujionyesha upya mara 90 kwa sekunde, kwa hivyo wino uko nyuma ya ncha ya kalamu kwa nafasi ndogo sana. Ncha yenyewe ina ulaini wa mpira kidogo, haitelezi kama msumari juu ya kioo. Nilipoifuta sentensi kwa kubana kitufe cha ubavuni nikaisugua, nilicheka peke yangu kwa furaha.

Lakini ngoja nikuonyeshe kilichonifanya niandike makala haya kwa haraka hii. Ndani ya Samsung Notes mmeingizwa uwezo wa kukokotoa hesabu ulizoandika kwa mkono. Unaandika tarakimu, unaweka alama ya sawasawa, na programu inasoma mwandiko wako na kukupa jibu. Nikasema nisiijaribu kwa mbili jumlisha mbili. Niijaribu kwa kitu kinachomhusu kila mwenye mshahara Kenya, yaani PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Kiasi kinachozidi 32,333 hadi kufikia 500,000 hutozwa asilimia 30. Kisha unapunguziwa nafuu ya 2,400 kwa mwezi.

Nikachukua mshahara wa mfano wenye pato la kutozwa kodi la shilingi 60,000. Nikaandika kwa mwandiko wangu ule ule wa haraka: 24,000 mara 0.1, jibu 2,400. Mstari wa pili, 8,333 mara 0.25, jibu 2,083.25. Wa tatu, 27,667 mara 0.3, jibu 8,300.10. Jumla 12,783.35, toa 2,400, kodi ya mwezi inabaki 10,383.35. Yote kwenye ukurasa mmoja, hatua kwa hatua, kila namba ikionekana imetoka wapi. Kikokotoo cha simu hukupa jibu la mwisho na kuzificha hatua zote. Hapa mtu anaweza kumwonyesha mwenzake ofisini: tazama, hiki ndicho walichokukata, na hiki ndicho walichopaswa kukukata. Jamani, huu ni uwezo mkubwa kwa mfanyakazi wa kawaida!

Na kwa kuwa tumeshaingia kwenye kodi, tuendelee nayo, maana mwisho wa kuwasilisha ritani za mwaka uliopita ni tarehe 30 Juni. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Kila mwaka msimu huo saiba, yale maduka ya kompyuta na mtandao, hujaa. Mtu anafika na P9 yake mkononi, anamtajia kijana wa saiba PIN na neno la siri kwa sauti, watu watano wakiwa nyuma yake, halafu anaondoka na stakabadhi akiwa ameacha siri zake zote kwenye kompyuta ya watu. Jambo hili linaniuma sana. P9 ni karatasi inayoonyesha mshahara wako wa mwezi hadi mwezi na makato yako yote. Si ya kuachwa juu ya printa.

Basi tazama inavyokwenda kwenye kishikwambi hiki. Nimegawa skrini katikati. Kushoto P9, niliyotumiwa na mwajiri kwa baruapepe. Kulia iTax, tovuti ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na nimeiambia programu ya mtandao ifungue kurasa kama za kompyuta. Nimeingiza PIN, neno la siri, na lile jibu la swali dogo la kujumlisha au kutoa ambalo iTax humuuliza kila anayeingia. Nimechagua ritani ya wenye pato la ajira pekee. Inchi 10.9 zinatosha! Safu zote zinaonekana, visanduku vinagusika, na kalamu inakigonga kisanduku kidogo ambacho kidole kingegonga na jirani yake. Jumla ya pato iliyo kulia nailinganisha na iliyo kushoto, jicho likihama sentimita chache tu. Kodi iliyokatwa, nayo vilevile. Nikiwa na shaka na mstari wowote nauzungushia duara jekundu kwenye P9 na kuendelea. Mwishoni stakabadhi inashuka kama PDF, naiweka kwenye folda ya mwaka wake, na kazi imekwisha nikiwa nimekaa barazani kwangu.

Wenye biashara nao niwaambie wasije wakakinunua kwa tamaa ya maneno yangu: fomu ya Excel ya KRA ina makro ndani yake, na makro hizo zinataka Excel ya kompyuta. Kwa hiyo kazi, laptopu bado inahitajika. Kwa mwenye mshahara peke yake, kishikwambi kinatosha na kubaki.

Nirudi kwenye baraza, maana hapa pwani mvua za masika hazibishi hodi. Tab S10 FE ina kiwango cha IP68, yaani imekingwa dhidi ya vumbi na inaweza kuhimili kuzama kwenye maji baridi hadi mita 1.5 kwa dakika 30. Kalamu yake nayo imekingwa hivyo hivyo. Kwa kishikwambi cha bei hii, hilo ni jambo adimu! Upepo ulipogeuka na manyunyu yakaanza kuingia barazani, sikukimbia nacho ndani. Niliendelea kuandika kwa makusudi, matone yakiwa juu ya kioo. Kidole husuasua kwenye kioo chenye maji, kwa kuwa kioo hukichanganya kidole na tone. Kalamu haina shida hiyo. Yenyewe husomwa kwa nguvu ya sumaku kutoka kwenye bamba lililo chini ya skrini, na maji hayaingilii. Mstari ulipita katikati ya tone la mvua bila kukatika. Nimelirudia jambo hilo mara kadhaa kwa raha tu ya kuliona. Tahadhari kwa watu wa Nyali na Diani: vipimo hivyo ni vya maji baridi. Maji ya chumvi na mchanga wa ufukweni ni habari nyingine, kwa hivyo baharini usikipeleke.

Jua je? Skrini ni ya LCD yenye mwanga unaofikia niti 800. Kivulini inasomeka vizuri mno, juani inasomeka ukiigeuza kidogo. Anayetaka weusi mzito wa OLED apande hadi S10+ au S10 Ultra, na aandae pesa za kutosha. Betri ni ya mAh 8,000, na kishikwambi kinapokea chaji ya kasi ya wati 45, ila chaja yenyewe haimo kwenye boksi. Unapata waya tu. Kamera ya nyuma ya megapikseli 13 inatosha kupiga picha ya risiti na barua, na ndiyo kazi nitakayoipa. Spika zake mbili zina sauti safi.

Sasa swali ambalo nimeshaulizwa na kila aliyekiona: mbona usichukue iPad? Ni swali la haki. iPad ya A16, iliyotoka Machi 2025, inaanzia dola 349 Marekani, na Tab S10 FE inaanzia dola 499.99. Chipu ya A16 ina kasi kuliko Exynos 1580 iliyo humu, na mwenye kucheza michezo mizito au kuhariri video ataiona tofauti hiyo. Ila piga hesabu yote. Apple Pencil ya bei nafuu zaidi ni dola 79, na ni ya kununua kando. Tena hiyo ya dola 79 haitambui mkandamizo wa mkono, na kwa mtu anayeishi kwa mwandiko hilo ni pengo kubwa. iPad haina tundu la kadi ya memori. Samsung inapokea microSD hadi terabaiti 2. Na iPad haina kiwango chochote cha kukinga maji. Kwa mtu wa maandishi na karatasi, kwangu mimi shauri limekatika. Kwa mtu wa filamu na michezo, iPad ni chombo kizuri na bei yake ni nzuri.

Wapo pia watakaoniambia Galaxy Tab A9+ ina inchi 11 na bei isiyofika nusu ya hii. Ni kweli, na kwa mwanafunzi wa kutazama masomo inafaa sana. Haikubali S Pen, basi. Hapo ndipo mazungumzo yangu nayo yanapoishia.

Kiswahili kinakaa vizuri humu. Nimeweka kibodi ya Gboard, ambayo inakubali kuambiwa kwa sauti kwa Kiswahili, cha Kenya na cha Tanzania, tangu 2017. Nikiwa nimechoka kuandika naongea, maneno yanajipanga, kisha naingia na kalamu kurekebisha. Kusema, kuandika kwa mkono, kuchapa kwa kibodi, vyote kwenye ukurasa mmoja!

Kwa dola ya karibu shilingi 129, hizo dola 499.99 ni kama shilingi 64,500 kabla ya ushuru na faida ya muuzaji, kwa hivyo dukani tarajia zaidi ya hapo. Usihangaike na toleo la gigabaiti 256. Chukua la 128, weka kadi ya memori, na pesa inayobaki nunua kava lenye kusimama, maana kishikwambi hiki utakiegemeza mezani kutwa nzima. Kama unafanya kazi nje ya ofisi mara nyingi, ulizia toleo la 5G lenye laini, ununue bando moja kwa moja humo badala ya kuimaliza betri ya simu kwa hotspoti. Rangi ziko tatu: kijivu, fedha na buluu. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji alifungue boksi mbele yako na uishike ile kalamu. Andika jina lako kwenye kioo. Wewe mwenyewe utaona.