Wanaobaki na Taka za Kachibora

Soko la Kachibora likifungwa, kila mtu hubeba chake na kwenda zake. Magunzi, kabeji zilizooza na chupa hubaki, na kuna wachambuaji wa taka wanaobaki navyo, pamoja na mifuko ya taka za nyumbani kwetu. Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe vinavyooza na visivyooza tukiwa nyumbani. Wengi wetu hatufanyi hivyo, kwa hiyo wachambuaji hao huzitenganisha kwa mikono yao. Katika mfuko mmoja hukuta nepi, wembe, vipande vya glasi. Chupa za plastiki huuzwa kwa kilo, nazo ni nyepesi mno: gunia lililojaa hadi mdomoni huitikisa mizani kidogo tu. Nimewahi kutupa wembe ukiwa wazi. Siku hizi naufunga kwa gazeti, mara mbili.