Utubusara Kabla ya Karama

Katika darasa la kipaimara hapa Rugu niliwahi kufundisha kwamba watu wengi wa Agano la Kale walikuwa kivuli cha yule atakayekuja. Kijana mmoja, ambaye alikuwa na swali kila Jumamosi, akanyoosha mkono. "Mchungaji, hao waliokuwa kivuli, wenyewe walijua kwamba ni kivuli?" Nilimjibu upesi kwamba tuendelee na somo, muda umekwisha. Muda haukuwa umekwisha. Sikuwa na jibu.

Jibu nilianza kulipata mahali ambapo sikulitafuta, katika vitabu vya Shaaban Robert.

Wengi wetu tulikutana naye shuleni. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na vizazi vingi vya wanafunzi vimemjua Karama, kijana anayeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu uanasheria. Wasiojulikana sana ni watu wa Kufikirika. Kitabu hicho mwandishi alikiandika mwaka 1946, lakini kilichapishwa baada ya yeye kufariki. Kwa hiyo wasomaji walimpokea Karama kwanza, na Utubusara baadaye, ingawa mkono wa mwandishi ulimtangulia Utubusara. Mswada ulikaa, na mtu wake akakaa ndani yake, wakati ndugu yake mdogo amekwisha kuwa maarufu nchi nzima.

Utubusara ni mwalimu. Mfalme wa Kufikirika, baada ya kuhangaika na waganga wa kila namna ili apate mrithi, anapata mwana, na Utubusara anapewa kazi ya kumfundisha. Anatofautiana na mfalme juu ya namna ya kumlea mtoto huyo kwa elimu, anaondolewa kazini. Baadaye mwana wa mfalme anaugua, na inadaiwa kafara ya watu wawili, mwerevu na mjinga. Hapo kitabu kinakuwa uwanja wa hoja: je, uhai wa mtu mdogo unaweza kutolewa kwa ajili ya afya ya mtu mkubwa?

Ukikisoma kitabu hiki baada ya Kusadikika, unamtambua Karama kabla hajapewa jina lake. Mambo yote yamo: mwenye busara asiye na cheo, mamlaka inayoogopa elimu mpya, hoja inayosimama mahali pa upanga. Lakini tofauti nayo ni kubwa. Tunajua kazi ya Utubusara na sababu ya kuondolewa kwake. Karama anatujia karibu mtupu. Anapopewa nafasi ya kujitetea, hajielezi. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande sita kuitafutia Kusadikika mema, na waliporudi wakatupwa gerezani. Mtu anayeshtakiwa anatumia muda wake wote kuwatetea wengine. Mwisho wake anaachiwa huru, nao wanafunguliwa pamoja naye. Nasi tunafunga kitabu bila kumjua sawasawa. Ni nani huyu?

Nadhani fumbo la Karama limetokana na yale ambayo mwandishi alikwisha kuyasema kwa Utubusara. Hakuhitaji kuyarudia, akayaacha nje, na pengo lile ndilo linalotuvuta. Tena alifanya jambo la pili: ndani ya Kusadikika yenyewe aliwaweka wajumbe sita kama Karama waliotangulia. Kila mmoja alijaribu, kila mmoja alikataliwa. Karama ni wa saba, naye anaeleweka kwa njia yao tu.

Jambo hili halipo kwetu peke yetu. J. R. R. Tolkien wa Uingereza, alipoanza kuandika The Lord of the Rings, alimweka katika nyumba ya wageni mtu mmoja mdogo wa kabila la mahobiti, aliyevaa viatu vya mbao na kuitwa Trotter. Mwandishi mwenyewe kwa muda mrefu hakujua huyo ni nani. Miaka ilipopita, yule mwenye viatu vya mbao akawa Aragorn, mfalme aliyejificha. Miswada hiyo ilichapishwa na mwanawe, Christopher, kuanzia mwaka 1988. Anayeisoma leo anaona dalili za ufalme kila mahali. Lakini siku ile ilipoandikwa, hazikuwapo dalili. Palikuwa na mtu mdogo mwenye viatu vinavyopiga kelele.

Hapa ndipo sisi wahubiri tunapaswa kujihadhari. Kivuli hutambuliwa baada ya mwenye mwili kufika. Melkizedeki, katika Mwanzo 14, anatokea na mkate na divai, anambariki Abramu, anapokea zaka, anatoweka. Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, unamsoma kwa kumtazama Kristo, na hata ukimya wa Maandiko juu ya baba na mama yake unakuwa ujumbe. Ni usomaji wa kweli, nami nauhubiri. Lakini Melkizedeki hakubariki ili awe kivuli. Alimbariki mtu aliyetoka vitani, amechoka. Baraka ile ilikuwa nzima siku ile ile.

Vivyo hivyo Utubusara si Karama aliyepungua. Wala Karama hatuna ruhusa ya kumbatiza. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, na neno karama, ambalo sisi tunalisikia kwa masikio ya 1 Wakorintho 12, kwake lilikuwa na nyumba yake, likiwa na maana ya heshima na kipawa kitokacho kwa Mungu. Tunaweza kumsoma na kushukuru bila kumnyang'anya.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Maswali yake yaliendelea, na wazazi wa wenzake wakalalamika kwamba anavuruga darasa. Nikamwambia apumzike mwaka ule, arudi mwaka ujao akiwa ametulia. Hakurudi. Nasikia yuko mjini. Niliposoma tena habari za Utubusara kuondolewa kazini, nilijitafuta katika hadithi ile, na sikujikuta upande wa mwalimu. Nilijikuta katika jumba la mfalme.

Nilimhukumu kama kitabu kilichokwisha kuchapishwa, naye alikuwa mswada. Luther alitufundisha kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Basi hakuna kati yetu aliyekwisha kuandikwa, na mchungaji ni mmoja wao. Sijui Mungu anaandika nini katika kijana yule. Hata kama hatakuja kuwa mtu wa ajabu, swali lake lilikuwa zima siku ile, na lilistahili jibu siku ile.

Jibu ni hili, ndugu yangu, kama utausoma ukurasa huu: hapana, hawakujua. Waliishi tu kwa uaminifu. Na mlango wa darasa uko wazi.