Vitambaa Sita vya Mkono

Katika duka la leso, yaani kanga, mnunuzi hakurupuki kuuliza bei. Huikunjua doti, akapitisha pindo kati ya vidole, akautazama mji, ile sehemu ya katikati, kisha akainama kusoma jina, yaani msemo ulioandikwa. Pengine atalisoma kwa sauti, acheke, amwonyeshe mwenziwe. Pengine atairudisha leso bila neno, ingawa rangi zimempendeza. Kwa mwanagenzi wa masoko aliyesimama nyuma ya meza, darasa ni hapo. Akikimbilia kusifu kitambaa, amejinyima habari iliyokuwa imfikie: mama huyu anamnunulia nani, na lile jina alilolikataa lingeleta maneno kwa nani.

Leso yenyewe ilizaliwa na wanunuzi wa namna hiyo. Masimulizi ya pwani yanasema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono, vile vilivyoitwa leso kwa neno la Wareno, vikiwa bado havijakatwa kwenye jora. Walichukua sita, wakaugawa mkanda katikati, wakashona vitatu juu ya vitatu, wakajifunga. Kiwandani kitambaa kile kilikuwa cha kufutia jasho. Mikononi mwao kikawa vazi. Waliolibuni ni wao. Sifa ya wafanyabiashara ni kwamba walikuwa na macho: wakaanza kuagiza kipande kizima kisichohitaji sindano. Baadaye duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, likajulikana kwa leso zenye misemo, na mpaka leo leso isiyo na jina zuri huweza kulala rafuni msimu mzima.

Ni ufundi wa heshima huu, kumtazama mtu mpaka uone alichokwisha kukifanya na bidhaa yako.

Ufundi huohuo ulionekana mwaka 2005, kampuni za simu za Safaricom na Vodafone zilipoanza kuijaribu M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, Nairobi na Thika. Nia ilikuwa nyembamba: wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu walipe marejesho yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza mradi, wakafuatilia yanayotendeka, na wateja wakawashangaza. Wapo waliolipana wao kwa wao katika biashara. Wapo walioweka fedha kwa wakala kabla ya safari, wakazitoa walikofika, ili wasibebe noti njiani. Wengine walizilaza humo usiku, maana benki zilikuwa zimeshafungwa. Wengine wakawatumia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando na wito ukawa mmoja, kutuma pesa nyumbani. Wito huo ulikuwa umeshaandikwa na wateja kwa vitendo vyao.

Anayeanza leo hana haja ya mradi mkubwa hivyo. Anahitaji daftari, na adabu ya kuuliza yaliyopita badala ya yajayo. Ukimuuliza jirani kama angependa mafuta ya kupikia yenye chupa nzuri, atakubali, kwa kuwa hataki kukuvunja moyo. Muulize badala yake mara ya mwisho alinunua wapi, kiasi gani, na aliyabebea nini. Hapo ataanza kusimulia, na katika masimulizi utasikia mshahara wa wiki, mume aliye safarini, duka linalokopesha na lile lisilokopesha. Mambo haya hayaonekani kwenye tangazo lolote, na kwa hakika ndiyo yanayouza.

Basi mwanagenzi anakaa kwenye benchi la duka la mtaani, jioni. Mtoto anafika na chupa ya maji iliyooshwa, ameshika sarafu kwa nguvu. Ametumwa mafuta ya kupima ya shilingi 500. Muuza duka anamimina kwa kikombe kidogo, anaongeza tone, anafunga kizibo. Kwenye daftari inaandikwa: saa kumi na mbili, mtoto, chupa ya nusu lita, haikujaa. Kesho saa hiyohiyo benchi lina mtu tena, anangoja kuona kama chupa itakuwa ileile.