Hewa Isiyo na Idhini

Lau hewa yote iingiayo katika injini ya petroli ingalipita kooni mwa kabureta, mahali inapochanganywa na mafuta kwa kadiri yake, taabu nyingi za magari makuukuu zisingalitokea. Lakini mipira huchakaa, gasketi hukauka, na hewa tupu hujipenyeza pasipo idhini. Ndipo gari lisipokaa sailensa, yaani mwendo wa injini pasipo kukanyagwa mafuta, likatetemeka na kuzimika, ilhali likikanyagwa mafuta hukimbia kana kwamba ni zima, kwa maana ufa ule mdogo una athari kubwa injini inapovuta hewa kidogo, wala si kitu inapovuta nyingi.

Gari nililoshuhudia likichunguzwa katika gereji moja ya Kirumba, Mwanza, la kabureta, lenye umri upatao miaka arobaini, lilikwisha kutibiwa na fundi mwingine kwa kukazwa skrubu ya sailensa, dawa ambayo husitiri maradhi na kuzidisha ulaji wa petroli. Fundi huyu wa pili alifunga geji ya mvuto wa hewa kwenye manifoldi, njia ya hewa kutoka kabureta hadi injini, na mshale ukatulia kwenye inchi 11 za zebaki. Vitabu vya ufundi hutaka inchi 17 hadi 21. Msomaji mwenye haraka angetoa hukumu papo hapo, kumbe vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Zebaki ambayo mwanasayansi Torricelli aliitumia kupimia uzito wa hewa katika karne ya 17 husimama karibu inchi 30 Dar es Salaam, na karibu 26 Mwanza, ambako Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Inchi 4, basi, ni haki ya mahali, si kosa la gari. Upungufu wa kweli ulikuwa mdogo kuliko ulivyodhaniwa, ila ulikuwapo.

Mshale uliotulia chini huweza pia kushuhudia taimingi iliyochelewa. Ili kubainisha kati ya hiyo na ufa, fundi akaziba nusu ya mdomo wa kabureta kwa kiganja, na injini, badala ya kuzimika, ikachangamka: dalili dhahiri kwamba hewa ilizidi petroli. (Wako wanyunyizao petroli juu ya manifoldi kutafuta ufa, na ekzosi ya moto iko chini yake, maji yatosha.) Akabana kwa koleo mpira wa servo ya breki, pasiwe na badiliko. Akaubana ule urudishao mvuke wa oili kutoka tumbo la injini, karibu na manifoldi, na mtetemo ukakoma. Akauachia, akaubana tena upande wa pili, penye vali ya mvuke huo, mtetemo ukarejea. Ufa, kwa hiyo, haukuwa na pa kuwa ila baina ya sehemu mbili hizo, nao ulionekana upande wa chini, palipolainishwa na oili.

Mpira ulipobadilishwa, mshale ulipanda hadi 15 na skrubu ikarudishwa mahali pake. Mwenye gari wa Mwanza atakiwapo fedha za kabureta nyingine, aombe kwanza geji ifungwe, na inchi 4 zitolewe katika vipimo vya vitabu.